Bahasha Isiyo na Sahihi

Shambani, 14 Oktoba 2018

Mwanangu Maialen,

Habari za Reno na masomo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama kondoo mzee? Sisi huku hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua lakini mdomo wake mzima kabisa, na anakusalimu.

Nimemaliza kuzunguka ranchi za kaskazini kuomba kura, kama mwaka 2008 tulipokwenda pamoja, wewe ukiwa na miaka kumi, kazi yako kufungua mageti na kuyafunga. Mwaka ule niliingia bunge la jimbo kwa tofauti ya kura sitini na moja. 2010 hakuna aliyesimama kushindana nami. 2014 Dale Stubbs, muuza matrekta, alijaribu nikamwacha mbali, 2016 akanikaribia, na mwaka huu amerudi tena. Huu utakuwa muhula wa sita, na sheria ya jimbo hairuhusu wa saba. Nikipita, Februari narudi Carson City, nakuandikia kila Jumapili kutoka kwenye meza yangu bungeni kama tulivyozoea, kisha nastaafu na heshima yangu. Sitaki kingine.

Maneno yetu ya Julai sijayasahau. Ni kweli, mwaka jana niliunga mkono jiji la kusini lichimbe visima vya majaribio bondeni kwetu. Kwa kura hiyo nilipata wodi ya wazazi ya hapa kwetu isifungwe. Kabla haijafunguliwa, mama yako alifia barabarani, kilomita mia mbili kutoka hospitali, na mdogo wako tumboni. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Barua za hasira zinamiminika. Nazijibu kwa ile ile ya siku zote: "Nashukuru kwa kuniandikia. Maoni yako nimeyasoma kwa makini, nami nayathamini kama ya kila mpiga kura wa wilaya hii. Mlango wangu uko wazi kwako wakati wowote." Unakumbuka ulivyokuwa ukibandika bahasha zile jikoni? Uliniuliza kama kweli nimezisoma. Nikakwambia hiyo ndiyo barua ya mtu ambaye sina tena la kumwambia. Ulicheka mpaka ukapaliwa na maziwa.

Karatasi ya kura ya posta umeipata?

Baba yako

*

Reno, 25 Oktoba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ila usingizi ni wa shida. Mwambie Bibi asipande ngazi za ghalani, najua anapanda ukiwa haupo.

Umeniuliza ningefanyaje. Nimekaa na swali hilo siku kumi. Mama ninamkumbuka zaidi ya unavyodhani. Nakumbuka hata rangi ya blanketi tuliyomfunika. Lakini mwezi uliopita nilikwenda bondeni na wenzangu wa darasa kupima maji. Sikupita nyumbani, nisamehe. Tangu visima vya majaribio vianze, maji yameshuka futi nne. Chemchemi ya Bibi inatoa nusu ya ilivyokuwa nikiwa mdogo. Bomba la kupeleka maji yetu jijini likijengwa, baada ya miaka kumi na tano hapatabaki mtu wa kuzalishwa katika wodi hiyo.

Stubbs ameapa hadharani kwamba atalizuia. Wewe umesema "tutaona". Nakufahamu, Baba. Nikiwa mtoto, ukisema tutaona nilikuwa najua umeshaamua.

Kura yangu nimeipeleka posta leo asubuhi.

Mwanao,
Maialen

*

Shambani, 9 Novemba 2018

Mwanangu,

Uko salama? Nimekupigia simu mara tisa, haipokelewi, ndiyo maana natuma barua hii kwa njia ya haraka. Huku tuko wazima ila hatulali.

Tumefungana. Mimi kura 2,117, Stubbs 2,117. Zimehesabiwa mara mbili. Imebaki bahasha moja tu ambayo Bi. Loretta, karani wa uchaguzi, hawezi kuifungua kwa sababu mwenyewe hakuweka sahihi nyuma yake. Ni yako.

Jana nilikula kwenye hoteli ya Wabaski wenzetu, na meza nzima ilikuwa na hadithi hiyo. Mzee Ganix akasema, supu ikimdondoka kidevuni, "Gratien, umempeleka binti chuo kikuu na hajui kuandika jina lake?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Moyoni nilikuwa nashukuru kwamba ni yako na si ya mtu mwingine.

Sheria inampa mwenye bahasha mpaka Ijumaa tarehe 16, saa kumi na moja jioni, afike mwenyewe aweke sahihi. Safari ni ya saa tano tu. Nitaacha taa ya kibarazani ikiwaka. Bibi ameshaanza kukuchemshia nyama ya kondoo.

Baba yako

*

Reno, 13 Novemba 2018

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Simu zako nimeziona. Nina mtihani Alhamisi na mwingine Ijumaa, na wanasema theluji imefunga njia ya mlimani.

Sitaweza kuja. Nisamehe.

Maialen

*

Shambani, 25 Novemba 2018

Mwanangu Maialen,

Hujambo? Mitihani ilikwendaje? Usijilaumu. Ganix alipita njia ile Alhamisi akasema ni kavu kabisa, lakini Ganix haoni vizuri siku hizi.

Kwa kuwa hukufika, tulivuta karata, ndivyo jimbo letu linavyoamua kura zikifungana: mwenye karata kubwa hushinda. Bi. Loretta alifungua pakiti mpya mbele yetu, akazichanganya, akazitandaza mezani. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Stubbs akanipungia kofia. "Wazee kwanza," akasema. Nikavuta tisa ya kopa. Nyuma yangu nikamsikia Bibi akimshukuru Mungu kwa Kibaski, lugha ya wazee wetu. Kisha Stubbs akavuta kumi ya shupaza.

Miaka kumi, chaguzi sita, ikaisha hivyo. Nilimpa mkono. Nilipofika kwenye gari nikashindwa kukumbuka ufunguo unaingia wapi.

Lakini haijaisha. Nimepeleka ombi kwa jaji, na tarehe 17 Desemba atalisikiliza. Ukija ukaapa kwamba bahasha ni yako na sahihi uliisahau tu, ataifungua palepale mbele ya watu. Nimemwambia kila mtu, dukani, kanisani, kwenye mnada wa mifugo, kwamba ushindi wangu umo humo ndani. Wanaonipa pole nawakatalia.

Siku hiyo huna mtihani, nimeuliza chuoni kwako.

Baba yako

*

Reno, 3 Desemba 2018

Baba,

Shikamoo. Sijui niulizeje hali yako wakati najua ninachotaka kukufanyia.

Usiende mahakamani. Liondoe ombi hilo, sema lolote, sema mimi ni mgonjwa. Humo ndani hamna jina lako. Nilijaza duara la Stubbs.

Sahihi sikuisahau. Ningeisahauje? Nimebandika maelfu ya bahasha zako, najua kila mstari wake. Niliigeuza, nikashika kalamu, nikaona mkono wangu hauandiki. Sikuweza kukuchagua na sikuweza kukuangusha, basi nikaitumbukiza hivyohivyo na kujiambia kwamba nimetimiza wajibu. Niliona kura moja ni kitu kidogo cha kuficha. Ulipoandika kwamba ndiyo pekee iliyobaki, nilikaa chini sakafuni. Njia ilikuwa kavu, Ganix anaona vizuri.

Hili si kipimo cha upendo wangu kwako. Nilitaka maji yabaki. Nilitaka na wewe ubaki pia, na karatasi ilikuwa na nafasi moja tu.

Najua jaji akiifungua wilaya nzima itajua mara moja, na wewe utakuwa umesimama pale mbele. Nimeandika ili ujue ukiwa peke yako.

Nitukane ukitaka. Niandikie tu.

Mwanao,
Maialen

*

Reno, 3 Machi 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti la Bibi vipi? Hii ni barua yangu ya tano tangu Desemba. Gazeti lilisema uliliondoa ombi bila kutoa sababu. Krismasi nilipopiga simu aliipokea Bibi, akasema uko zizini. Nilipiga mara tatu, na mara zote ulikuwa zizini.

Februari imepita. Ni mara ya kwanza kikao cha bunge kuanza bila barua yako ya Jumapili. Bado nashuka kutazama sanduku.

Utakuwa umesikia. Juzi Stubbs aliunga mkono bomba. Ameahidiwa barabara mpya kupita mbele ya duka lake. Wodi ya wazazi hakuitaja, itafungwa Juni. Nilikuwa nimekaa kwenye jukwaa la wageni bungeni, nikamwona akiketi kwenye meza yako, na alipobonyeza kitufe cha kupigia kura hakuinua hata uso.

Wiki iliyopita nilipima tena bondeni. Chemchemi ya Bibi imebaki unyevu tu kwenye mawe. Nilitaka kuja kuwaambia. Nikasimama getini, taa ya kibarazani haikuwa imewashwa, nikarudi.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniambie jambo, lolote. Ni kondoo wangapi wamezaa?

Mwanao,
Maialen

*

20 Machi 2019

Ndugu Maialen Iribarne,

Nashukuru kwa kuniandikia. Maoni yako nimeyasoma kwa makini, nami nayathamini kama ya kila mpiga kura wa wilaya hii.

Wako katika utumishi,
Gratien Iribarne