Faili Linalomsemea Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi miili mizima, mioyo ndiyo mizito. Mama anakula kwa kubembelezwa, Baba analala vizuri.

Tangu tumzike mdogo wetu, Kitinda, nyumba imepwaya. Kandambili zake bado ziko mlangoni, hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Aliyekuwa akininyima raha ni Baba. Unajua tangu apooze hasemi. Anabonyeza picha, na programu aliyoiandika Kitinda inamsemea. Kompyuta yenyewe iliungua wiki ile ile ya msiba. Watu wote walilia na kusema yao, Baba akabaki kutukodolea macho. Iliniuma sana.

Diski ilinusurika, nikaihamishia programu kwenye kompyuta mpya. Ikagoma. Sauti inatoka kwenye faili moja la maktaba ya programu, na jina lake halisemi lilitengenezewa kompyuta ya aina gani. Msimbo wake wa asili sikuupata popote ili nilitengeneze upya. Basi nikaandika msimbo mfupi wa kusoma baiti za mwanzo tu, zile namba zinazolitambulisha faili: ya tano ikiwa moja, faili ni la biti 32, la mashine za zamani, ikiwa mbili, ni la biti 64, la hizi za sasa. Usicheke, ndiye mimi uliyekuwa ukiniita mvunja rimoti. Niliomba iwe mbili. Ikatoka moja.

Mama hakutaka hesabu. "Kwa hiyo atasema au hasemi?"

Nikamwambia tutafute kompyuta kuukuu. Fundi saa jirani alikuwa nayo stoo. "Chukueni tu, dada. Hapa inakula vumbi."

Jana mchana ikawaka. Tukamkalisha Baba vizuri, nikidhani ataomba maji. Akatafuta polepole, akabonyeza picha ya Kitinda. Ikasema, "Niitieni Kitinda."

Anajua, Kaka. Mazishini tulimpeleka na kiti chake. Ila Kitinda hakuwahi kumwekea picha ya msiba, kwa hiyo hana namna nyingine ya kulisema hili. Akabonyeza tena, na tena, na sisi tumesimama hapo tunalia.

Picha inayofuata ni yako. Akiibonyeza, nimjibu nini? Njoo, Kaka.

Nisalimie wifi na watoto. Mama anawabusu wote. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Mdogo wako