Shule Isiyolalamika

20 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vipi goti? Na jogoo wa jirani bado anakuamsha, au ameshaishia chunguni? Mimi mzima, ila upweke upo. Chumba changu kina kitanda, jiko na mimi.

Shule niliyopewa niiongoze imenishangaza kwa utulivu. Kwenye kikao cha kwanza niliwauliza walimu kama kuna tatizo. Wote wakajibu, "Hakuna, mwalimu mkuu." Wazazi nao hawaji kusumbua. Nadhani nimepata bahati ya mtende. Likizo ya Aprili nakuja.

Mwanao,
Kitinda

6 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti linauma. Jogoo anawika kama anadaiwa. Paa linavuja juu ya kiti cha marehemu baba yako, na fundi kazi yake ni kuniambia kesho, kesho. Ukiacha hayo, mzima.

Sasa, bahati ya mtende gani hiyo? Shtuka, mwanangu! Nimeongoza shule mpaka nikastaafu, nakwambia shule haianzi kufa kwa kelele. Watu hulalamika kwanza. Wasiposikilizwa huchoka, na wakishachoka ndipo husema hakuna shida. Tazama walimu wanakunywa chai wapi. Mtoto asipofika, nani anamuulizia? Na ukimpata anayelalamika, mshike huyo, bado hajakata tamaa.

Mama yako

18 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti, pole na fundi.

Ulichosema ndicho. Kila mwalimu anakunywa chai peke yake darasani, mlango umefungwa. Darasa la tano kuna dawati tupu. Nilipouliza, mwalimu wake akasema labda mtoto amehama. Kumbe anakaa nyuma tu ya shule! Nilikwenda kwao. Aliacha kuja kwa sababu haoni maandishi ubaoni, mbao zetu zimefifia mpaka chaki haishiki. Mwalimu alishamwambia mkuu aliyenitangulia, akamwambia tena, mwisho akanyamaza.

Nimeweka meza moja ya chai. Siku ya kwanza tulisikia vijiko tu. Likizo sitakuja, mama, tunapaka mbao rangi. Utaniwia radhi.

Mwanao,
Kitinda

20 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mbao. Kazi kwanza, nyumbani hapakimbii.

Goti hivyo hivyo. Fundi hakuja, lakini si kitu, nimekiondoa kile kiti pale panapovuja.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo, na ushike kikombe chako vizuri usije ukamwaga. Shule ina kelele! Walimu wamegombana kuhusu zamu. Mwalimu wa hesabu amenifokea mezani mbele ya wenzake kwamba chaki ninazonunua zinavunjika ovyo. Nilitamani kumkumbatia. Mtoto wa dawati tupu amerudi, na mama yake amekuja juu, anauliza tulikuwa wapi siku zote hizo.

Jioni ndiyo ngumu. Nakula nimesimama kando ya jiko, halafu sina wa kumsimulia ila wewe. Likizo ya Agosti nayo tuna masomo ya ziada, kwa hiyo tuseme Desemba. Wewe je, huko kwema?

Mwanao,
Kitinda

15 Julai

Mwanangu,

Hongera. Huku hakuna shida. Sina la kulalamikia. Usijisumbue kuja.

Mama

24 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma harakaharaka nikaenda zangu kazini. Nilikuwa mezani, walimu wanabishana, ndipo maneno yako yakanirudia. Hakuna shida. Niliacha chai mezani, nikaenda kuisoma tena.

Jogoo yuko wapi, mama? Mbona hujamtukana fundi? Na kiti cha baba umekiondoa, wewe ambaye hata paka ulikuwa humruhusu kukikalia. Niliona dawati tupu la mtoto wa watu, nyumba ya mama yangu sikuiona. Naona aibu, na naogopa.

Masomo ya ziada atayasimamia mwalimu wa hesabu. Amelalamika kweli kweli, lakini amekubali. Shule ikifunga tu, naja. Kabla sijafika niandikie jambo moja linalokuudhi. Moja tu, mama, tafadhali.

Mwanao,
Kitinda

2 Agosti

Kitinda,

Marahaba.

Moja halitoshi. Jirani amehama na jogoo wake, na asubuhi siku hizi sijui niamkie nini. Yule fundi ni mwongo. Mwandiko wako umeharibika tangu uwe mkubwa wa watu. Unasema unakuja, husemi utakaa mpaka lini, nami nitapikaje bila kujua?

Na sipendi kula peke yangu. Sijawahi kupenda. Nilikuwa nikiulizwa nasema hakuna shida, mwisho watu wakaacha kuniuliza.

Kiti nimekirudisha mezani. Kinavujiwa, utakikalia hivyo hivyo.

Mama yako. Tena goti linaniuma.