Dramu za Baba Zuhura

Jumamosi, Mkomaindo

Nimerudi mazoezini na bado nina hasira na nafsi yangu.

Baba Zuhura, mpiga ngoma wa bendi yetu ya blues, tulimzika Chilangala juma lililopita. Mimi, mwalimu wa bendi, muziki nilifundishwa na kwaya ya kanisa, kwa noti na kuhesabu. Mama Neema, mwimbaji wetu, alijifunzia unyagoni. Baba Zuhura aliutoa jandoni, ambako ngoma huoteshwa moto kwanza ili ngozi ikaze.

Ndiyo maana tuliponunua dramu za dukani, alikoka moto akaziotesha. Ngozi zake za plastiki zikajikunja. Nilicheka sana, nikamwita mshamba mbele ya wenzetu.

Akasema tu, "Mwalimu, ngoma baridi haisemi."

Sikumwomba radhi. Nilidhani siku zipo.

Leo nimekoka moto mimi, nikaziotesha kwa mbali zisiungue. Hakuna aliyecheka. Nikazipanga mbele ya kiti chake kitupu, nikashika gitaa, nikahesabu kama siku zote: moja, mbili, tatu, nne.

Hakuna aliyeanza. Hata mimi sikuanza.

Miaka yote hii nilidhani wanafuata hesabu yangu.