Robo Saa ya Kufungwa Taya

Jumatatu, 4 Machi

Kichwa tena. Kinaanzia kisogoni, kinapanda, kinakuja kukaa nyuma ya jicho la kulia kama mgeni asiyejua kuaga. Siku nzima nimeinamia gauni la bibi harusi anayetaka shanga hadi kwenye mkia — mkia wenyewe utaburuzwa sakafuni, nani atauangalia? Lakini mimi nani. Mimi mtia shanga tu.

Hatimaye nimekwenda hospitali. Mume wangu kanisindikiza, bila kuombwa, bila kusema. Daktari kanipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mwenye vidole kama koleo. Kanibonyeza shingo, kasema ugonjwa si wa kichwa, ni wa shingo: miaka yote ya kuinama imezibana pingili. Akanikalisha chini ya mashine ya kuvuta. Mkanda mmoja chini ya kidevu, mwingine kisogoni, kamba inapita kwenye kigurudumu cha kapi, upande wa pili uzito. Kichwa kikanyanyuliwa taratibu. Nikapata nafuu pale pale, jambo lililoniudhi, maana nilishaandaa maneno ya kumwambia.

Kifaa cha hivi mnaweza kutengeneza nyumbani, kasema. Mlango, kamba, kapi, mfuko wa maji. Uzito mdogo, robo saa tu, na mikono ikifa ganzi au kizunguzungu kikija, acha mara moja. Hapo mume wangu — fundi friji, mtu ambaye nyumbani hutoa neno moja asubuhi na jingine jioni — akaanza kuuliza maswali mpaka foleni ikanuna. Kapi la ukubwa gani? Kamba isinyumbuke kabisa? Mkanda upana wake? Nikamtazama kama namwona leo. Kumbe maneno anayo, ila ameyaweka akiba kwa ajili ya kapi.

Alhamisi, 7 Machi

Kimekamilika. Kinaning'inia juu ya mlango wa chumba chetu: vyuma viwili vya rafu ya friji bovu, kapi dogo alilotoa anakojua mwenyewe, kamba ya kuanikia nguo (mpya, kaapa), na mkanda alioushona yeye. Kwa mkono! Mwenye cherehani ndani ya nyumba hii ni mimi, lakini hakuniomba. Mishono inakwenda kama njia ya mlevi. Kwa ndani katia kitambaa cha fulana yake ya zamani, usinichubue. Mfuko wa maji kauchora mistari ya kipimo kwa wino mwekundu.

Mimi nakiita Kitanzi. Yeye anakiita "kifaa". Nimemwambia, kama umenichoka ungesema tu, si mpaka uninyonge. Hakucheka. Kajaza maji mpaka mstari wa kwanza, kaangalia saa.

Unakaa kitini, uso kwa mlango, mgongo kwa dunia. Mlango unafungwa kwa ufunguo, asije mtu akausukuma na shingo yangu ikaenda naye. Kwa hiyo aliye ndani na wewe habanduki mpaka umalize. Kidevu kimeshikwa, meno yamekutana, mdomo haufunguki. Kuitikia kwa kichwa huwezi. Kukataa huwezi. Umebakiwa na "mm".

Na kichwa kimepoa. Sitamwambia leo. Atavimba kichwa, halafu tutahitaji vitanzi viwili.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe. Huyu alikuja kutusalimia wiki moja, na wiki yake haina mwisho. Leo kaniwahi kabla mlango haujafungwa, kamwambia mwanawe aende zake, atanisimamia yeye. Kakaa kitandani nyuma yangu. "Kumbe ukiwa hivi hujibu," kasema, kwa sauti ya mtu aliyechimba kisima akakuta maji.

Robo saa nzima! Chai yangu nyepesi. Mwanawe amekonda. Binti yetu anacheka na simu. Sebuleni kuna baridi, miguu yake inalalamika, ila pale dirishani palipo na cherehani jua linaingia vizuri. Au unasemaje, mwanangu? Nikasema "mm", yaani ngoja nifunguliwe nikupe jibu lako. Akasema ahsante. Sikuelewa ahsante ya nini.

Jumapili, 10 Machi

Nimeelewa. Nimerudi kutoka sokoni, cherehani iko kwenye korido kando ya ndoo ya kudekia, na dirishani pametandikwa kitanda. Nilikuuliza, kasema mama mkwe, hukukataa. Kunyamaza ni kukubali.

Nikabaki mdomo wazi. Siku umefungwa unayo ya kusema, siku uko wazi hautoi kitu. Baadaye ulitoa. Ulitoa sana. Mume wangu akachukua kikombe chake akaenda kunywea nje, na kitanda kikabaki pale pale.

Jumatano, 13 Machi

Habari zinasafiri. Jana binti yetu aliomba kunisimamia — mtoto ambaye ukimwambia akuletee maji anakuuliza ya nini. Nikajua kuna jambo. Nikafungwa, akasema: chuo cha uhasibu hakitaki tena, anataka kujifunza kusuka na kutengeneza nywele. Mama, si sawa tu? Nikatoa "mm" ya hatari kabisa, "mm" ya kumfukuza mbwa. Leo kwenye chakula anamwambia baba yake: Mama kakubali.

Mimi sasa ni bunge lenye kura moja, na kura yenyewe ni ndiyo.

Nikamwambia vizuri sana, mwanangu, nenda kasuke, maana kichwani mwako nywele zipo, kilichopungua ni kilicho chini yake. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Nilidhani na binti atacheka, ndiyo tulivyozoea, mimi narusha, yeye anadaka. Akaweka kijiko. Machozi tele. Kasema, ndiyo maana tunasubiri ufungwe, Mama.

Mume wangu akainuka, kasema kuna friji ya mteja inamsubiri. Kwa saa ile? Hiyo friji ina subira.

Ijumaa, 15 Machi

Tangu juzi sijafungwa. Watu wazima hawafungwi taya na familia zao.

Kichwa kimerudi na ndugu zake. Nimetia safu nzima ya shanga kifuani mwa gauni, nikainua, kumbe nimeziweka upande wa ndani, bibi harusi angezisikia yeye peke yake. Mwenzangu wa meza ya pili — tunamwita Redio, hana kitufe cha kuzimia — katangaza duka zima. Mwenye duka kaja kuangalia, kasema kwa upole kwamba mkia utamaliziwa na Redio. Upole wake ndio ulioniuma. Nikifokewa najua la kufanya, nikihurumiwa sijui mikono niiweke wapi.

Nikafumua safu yote. Kila uzi ukikatika, kichwa kinagonga.

Jumanne, 19 Machi

Nimesalimu amri kwa Kitanzi. Nimemwomba mume wangu tu, wengine marufuku. Kajaza maji, kafunga mlango, kakaa kitandani nyuma yangu. Huwa anachokonoa kidude chochote kwa bisibisi. Leo sikusikia bisibisi.

Akasema: "Mama watoto." Mimi natazama mbao za mlango. Kuna mkwaruzo pale tulipopitisha kabati mwaka tuliohamia.

"Nimepata chumba, nyuma ya karakana. Nataka nihamie huko."

Nikasema "mm!" Akasema ngoja, tafadhali, nimalize, maana nisipomaliza leo sitamaliza. Kasema hakuna mwanamke, nisije nikafikiri. Kasema anaogopa kurudi nyumbani. Kazi ikiisha hubaki karakana, anafungua friji isiyo na ubovu, anaifunga tena. Anangoja tulale. Kila neno analoleta hapa linarudi limekatwa vipande. Watu wanacheka, na yeye hucheka, maana kweli inachekesha. "Lakini sasa sina neno la kuleta. Hata hiki kifaa, nilifikiri utaniambia kimekusaidia. Umeniambia kitanzi."

Na kimenisaidia! Kila mara kimenisaidia! Meno yamekutana, ulimi unapiga ukuta kama nzi kwenye kioo.

"Ukiniambia nibaki, nitabaki," kasema. "Ila uniambie kama mtu anavyomwambia mtu. Usinitanie." Kisha akasema jambo ambalo hakuna mwingine aliyelisema humu ndani: "Sasa huwezi kujibu. Sitasema umekubali, wala sitasema umekataa. Nitangoja."

Akapunguza maji kidogo kidogo, kama alivyofundishwa, akanifungua mkanda, akafungua mlango. Mdomo wangu ukawa huru. Nikamwuliza kama amekula.

Jumatano, 20 Machi

Amekwenda kazini. Nimekwenda kazini. Sijasema kitu. Mimi!

Redio kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 21 Machi

Nimejaribu. Naandika nilivyojaribu ili nijionee mwenyewe.

Alikuwa anaosha mikono yenye grisi. Nilishajipanga tangu dukani: nitasema kifaa kimenisaidia, ahsante, usiende. Maneno mepesi, hata mtoto wa chekechea anayaweza. Nikasimama nyuma yake — nilidhani ni rahisi zaidi usipoona uso, si ndivyo wao wanavyonifanyia? Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu inasema: "Hicho chumba chako kina mlango mzuri wa kutundikia mke, au itabidi ninyongwe huku huku?"

Akafunga bomba. Akajifuta mikono, kidole kwa kidole. "Umeona?" kasema. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Mama mkwe alikuwa kitandani kwake, kwenye jua langu. Kaniita nikae. Nikajiandaa kwa vita. Kasema, baba yake huyu mumeo naye alikuwa na mdomo kama wako, tulicheka sana nyumba ile, na huyu mtoto alikuwa analala chini ya meza. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Nikamwambia dole langu halina tatizo. Jibu limetoka lenyewe, hata sikuliona likija. Akageukia ukutani.

Naogopa. Nimeandika sasa, na halichekeshi. Naogopa kulala kitandani peke yangu, naogopa zaidi kwamba hata kumwambia hivyo nitamwambia kwa utani.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika nikiwa nimefungwa. Daftari liko magotini, siwezi kuinama kulitazama, mistari najua inapanda mlima. Kichwa hakiumi. Kimetulia tangu asubuhi. Nimemwambia kinauma.

Sanduku la vifaa limeshahama jana. Leo nimerudi nimekuta begi kitandani, anakunja mashati — anakunja vibaya, mikono nje, kola ndani. Sikusema kitu kuhusu kola. Nilishika kisogo nikakunja uso. Akaliacha shati, akaenda kuchota maji. Akafunga mlango kwa ufunguo, akanifunga mkanda, akauliza hapa panabana? Sasa yuko nyuma yangu na begi lake, na kamba yangu iko mlangoni. Akitaka kutoka, lazima kwanza anifungue.

Ndiyo, nimemtega. Mwanamke mzima, kwa mfuko wa maji.

Hasemi. Yake alishasema. Nasikia zipu, inakwama, inaendelea. Nasikia mama mkwe na binti yetu kwenye korido wanasukuma kitu kizito, nadhani cherehani, na binti anasema taratibu Bibi, pembe hiyo. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Wanairudisha dirishani wenyewe, au wanaitoa njiani begi lipite.

Natafuta sentensi. Nimeandika hapa: Baki. Nadhani ndivyo nilivyoandika, silioni. Neno moja. Liko uchi, nataka kulivisha, na kila nguo ninayoijua ni mzaha. Baki, nani atachota maji? Hapana. Baki, mashati yenyewe hujui kukunja. Hapana, hapana. Baki, nimezoea. Hilo si mzaha, lakini ni uongo, sijazoea, nataka tu. Baki, nataka. Ndivyo watu wanavyosema? Baki, kimenisaidia tangu siku ya kwanza, na kitambaa cha ndani kinanukia wewe.

Kasimama. Kasema muda umekwisha.

Nikasema "mm".

Akauliza, "Mm ya nini?"

Nimeinua kidole: ngoja. Amengoja kidogo. Sasa anamwaga maji, nayasikia kwenye ndoo, na shingo inashuka, inashuka. Mkono wake uko kwenye kifungo cha mkanda, nyuma ya sikio. Una baridi. Meno yangu yameanza kuachana, na neno liko ulimini, bado uchi, na —