Jogoo wa Hongera

Baba Kisa,

Geuza kakao niliyoanika jua likipanda. Wali uko kwenye hotipoti. Jogoo aliyefungwa jikoni ~~mchinje~~ usimguse.

Ameletwa asubuhi hii na akina mama wa kwaya, kunipongeza kwa kupata chuo. Nimebaki na ufagio mkononi, nawashukuru tu, ndaga fijo, ndaga fijo. Kumbe jana ulisimama kanisani ukashukuru kwamba mkeo amechaguliwa kusoma uzamili wa mawasiliano. Mume wangu, fomu yenyewe sijatuma. Niliijaza mwezi uliopita, nikaogopa.

Sasa nimekwenda mjini kuituma, mwisho ni leo saa kumi. Wakinikubali, tutamla pamoja. Wakinikataa, utamrudisha wewe, Jumapili, mbele ya kwaya nzima, akiwa hai.

Mama Kisa