Usifunue Nyama, Mutoto

Neema mujukuu wangu,

Huku Ngezi siye wote tuko muzima, na mbuzi ya shangazi yako ilizaa mapacha. Unauliza juu ya nini nyama unayokausha na moshi mu ile mbabula, jiko ya makaa ya kifuniko, uliyonunua kule Ulaya inabakia mubichi. Unafunua sana! Hata miye, nikiwa musichana kule Mahagi, nilikuwa nafunua bati yenye kufunika nyama kila mara, moshi yote inatoroka. Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Kuya nikusuke nywele." Nilikaa kati ya magoti yake, tukasengenya majirani. Alipomaliza kichwa yangu, nyama ilikuwa imeiva, laini kabisa.

Basi ukisikia hamu ya kufunua, nipigie simu. Nitakuongelesha mpaka iive.

Koko yako