Paneli za Upande wa Barabara

Shoga, ngoja nikusimulie. Nilikuwa juu ya ngazi nafuta vumbi kwenye paneli za sola kama kila asubuhi, mara Shangazi akaingia getini na ile sura yake ya udiwani.

Eti baraza lao la madiwani limepitisha! Paneli marufuku upande wa barabara, zinaharibu sura ya mtaa. Tuzihamishie nyuma. Nyuma! Kwenye kivuli cha ghorofa la jirani!

Nikamwambia, "Shangazi, umeme ukikatika mashine ya oksijeni ya Baba itaendeshwa na nini?" Mimi huyo, nisiyejua kubisha.

"Ni sheria, mwanangu, si mimi."

Baba, aliyekuwa ameketi mlangoni, akamwuliza taratibu, "Mdogo wangu, wewe ulipiga kura gani?"

Shangazi akasema, "Nilinyoosha mkono, kaka. Wote walinyoosha, nikaogopa kubaki peke yangu."